Jina la Chatumire

Mayai yalianza kupasuka asubuhi, nikiwa nimeshajitwisha furushi la nguo za wateja. Mume wangu akaniita kutoka bandani kwa sauti ya chini, sauti anayoitumia akiwa karibu na nyoka.

"Njoo uone kwanza. Cherehani haitakimbia."

Nilitua furushi nikaenda, lakini niliishia mlangoni. Tangu anioe na kunileta kwenye nyumba ile ya Nemba, wilayani Biharamulo, sikuwahi kuvuka kizingiti cha banda lake, na yeye hakuwahi kunilazimisha. Lilikuwa banda imara la matofali ya kuchoma, upande mmoja wote umefungwa wavu wa chuma ili mwanga uingie. Ndani, chatu jike mkubwa alikuwa amejizungusha juu ya mayai yake kama kata ya kubebea mtungi, na kati ya mikunjo yake vilikuwa vinachungulia vichwa vidogo, vimelowa, ndimi zikitoka na kurudi.

Mume wangu ni Msukuma, mtoto wa mcheza nyoka. Baba yake alizunguka na chatu shingoni kwenye mashindano ya ngoma tangu ujana wake, mpaka miguu ilipoanza kuvimba, akahamia kwetu na kumwachia mwanawe kazi. Kibali cha kufuga walikuwa nacho, na afisa wanyamapori wa wilaya alikuwa akija kukagua. Mimi ni Mhangaza wa Ngara, nimezaliwa kijiji kisicho mbali na iliyokuwa kambi ya wakimbizi ya Lukole. Nilipokuwa mdogo, wakimbizi walikuwa wameshaondoka na msitu ulikuwa unairudia ile ardhi. Kwenye mashimo na kuta zilizobaki nyoka walizaliana. Mama alitufundisha tusitaje nyoka baada ya jua kuzama. Tulisema "kamba." Ukisema "kuna kamba njiani," kila mtu anaelewa na anarudi nyuma.

Kwa hiyo niliolewa katika nyumba ambamo nyoka wanaitwa kwa majina, na wanaimbiwa.

Jike aliitwa Mtulivu. Baba mkwe alimpa jina hilo baada ya kuishi naye muda mrefu, maana kwake nyoka hapewi jina mpaka aonyeshe tabia. Alikuja naye kutoka upande wa Kahama. Dume aliletwa baadaye na mcheza ngoma mwingine, aliyempata kwenye mafunjo ya mto Ruvuvu, huko kwetu Ngara. Mume wangu akamwita Mngara, na kila mgeni akija aliniambia, akimwonyesha nyoka, "Mkaribishe ndugu yako." Sikulipenda jina hilo, lakini nilinyamaza.

Kilichotushangaza ni kwamba hawakuwa wa aina moja. Siku moja afisa wanyamapori alikuja na binti aliyekuwa akifanya utafiti wa nyoka. Yule binti aliwaangalia vichwani muda mrefu. Mtulivu alikuwa na magamba madogo madogo kichwani, na rangi yake ilikuwa imefifia kama majani makavu. Mngara alikuwa na magamba mapana, na alama ya mshale iliyokolea kuanzia puani hadi kisogoni.

"Hawa ni chatu wa aina mbili," alisema. "Mtu asiyejua ataapa ni wa aina moja. Wakizaa, watoto watakuwa chotara."

"Na hao chotara wanaitwaje?" mume wangu akauliza.

Yule binti akacheka kidogo. "Hawana jina. Huko nchi za nje wafugaji wakichanganya aina mbili huwa wanaunganisha majina ya wazazi, nusu ya huyu na nusu ya yule. Lakini hilo ni la kibiashara tu."

Afisa hakucheka. Alisema wakizaliwa wasitoke bandani bila yeye kujua, wala wasiachiwe porini wakachanganya mbegu za huko. Mume wangu aliitikia yote, lakini mimi ninamfahamu. Sikio lake lilikuwa limebaki kwenye lile jambo la nusu na nusu.

Ndiyo maana asubuhi ile ya mayai, nikiwa mlangoni, jina lilikuwa tayari. Alitoka na kinda mmoja kiganjani, mwembamba, ana mshale wa baba yake kichwani na rangi iliyofifia ya mama yake ubavuni.

"Kwenu chatu anaitwa nani?" aliniuliza, ingawa alikuwa anajua.

"Uruziramire."

"Basi huyu ni Chatumire. Chatu ni Kiswahili chetu cha hapa nyumbani, mire ni ya kwenu. Kama watoto wetu. Nusu na nusu."

Alilisema kwa furaha, na ninajua lilikuwa zawadi. Sisi wawili tuna Kiswahili tu kati yetu. Yeye Kihangaza hakijui, na Kisukuma changu ni cha kuomba maji na kumsalimia mkwe. Hakuna aliyewahi kuchukua neno la kwetu akalitia kwenye jambo analolipenda. Lakini lile neno lilinikaa vibaya sikioni.

"Baba watoto, kwetu kumira ni kumeza," nikamwambia. "Wasubi wa hapa nao wanasema hivyo hivyo. Ukisema Chatumire, mama yangu atasikia unasema 'chatu ameze.' Kama vile unamtuma."

"Si ndiyo kazi yake? Ulitaka atafune?"

Baba mkwe alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha kamba kando ya mlango, miguu juu ya kigoda. Alisema kwa Kiswahili chake cha polepole, "Mtoto wa nyoka hapewi jina siku ya kwanza. Hujui atakuwa nani."

"Baba, siwapi majina mmoja mmoja. Hili ni jina la kabila lao."

Mzee akatikisa kichwa. Nikajitwisha furushi langu nikaenda kazini.

Baada ya mavuno kulikuwa na mashindano ya ngoma kule Nyamahanga. Kwa ruhusa ya afisa, mume wangu alikwenda na Mtulivu na kinda mmoja kwenye kikapu chenye mfuniko. Nilikaa na wanawake upande wa kivuli. Alicheza vizuri siku ile. Mtulivu alikuwa mabegani mwake, mzito, kichwa kimelala kwenye mkono wake, na watu walirudi nyuma kila alipowageukia. Kisha akashika kipaza sauti, akamwinua kinda juu.

"Huyu hajawahi kuonekana katika wilaya hii," alitangaza. "Mama yake ametoka Usukumani, baba yake ametoka Ngara. Tumemzalisha wenyewe nyumbani kwetu Nemba. Jina lake ni Chatumire."

Wasukuma walipiga vigelegele. Upande wetu, wa Wasubi na Wahangaza, kukawa kimya. Mwanamke aliyekaa mbele yangu alimgeukia mwenzake akalirudia lile jina polepole, akalikata katikati, "chatu... amire," na mwenzake akajifunika mdomo kwa khanga. Nilitazama chini.

Jina lilirudi kwangu kabla wiki haijaisha. Nilikuwa nashona kwenye kibaraza cha duka pale senta, na mteja mmoja, mama wa makamo, alikuwa anangoja blauzi yake. Akaniuliza bila kunitazama:

"Mama, eti ni kweli kwenu mmezalisha nyoka wa kumeza watu?"

"Ni chatu tu. Kama wale wa siku zote."

"Chatu wa siku zote hakuzalishwa na mtu. Huyu mmemtengeneza, mkampa na amri ya kumeza."

"Lile ni jina tu, mama."

"Jina tu," alisema. Alichukua blauzi yake kabla sijamaliza kukata nyuzi.

Kuanzia hapo nilianza kusikia mambo kwa vipande. Watu wakiniona walikuwa wananyamaza, kisha wanaendelea kwa sauti nyingine. Mbuzi wa mtu alipotea upande wa bondeni, ikasemwa ni Chatumire. Ilisemwa wale makinda wanakua kila siku kama mianzi, na wakikomaa banda halitawaweza. Wengine walitamka Chatumile, na kila aliyelitamka aliliongezea kitu. Wanawake waliacha kupita nyuma ya nyumba yetu kwenda kisimani. Walizunguka juu, kwenye mwinuko, ndoo zikiwa zimejaa. Nilikuwa nawaona kutoka jikoni, mstari wao kule juu, na hakuna aliyegeuza shingo kutazama kwetu.

Nilimwambia mume wangu alibadilishe lile jina. Alisema maneno yatachoka yenyewe. Nilimwambia tena. Mara ya tatu ndipo alipokubali kwenda Biharamulo mjini kumwona afisa, amwombe ushauri kuhusu makinda, pengine awachukue. Aliondoka asubuhi na bodaboda.

Mchana wa siku hiyo jirani yangu alikuja. Ni Msubi, nyumba yake iko ng'ambo ya migomba yetu, na kwa miaka mingi nguo za wanawe nilizishona mimi. Alikuwa peku, na mikono yake ilikuwa na unga wa muhogo mpaka kwenye viwiko.

"Hujamwona mdogo wetu?" aliuliza.

Alikuwa anamsema kitinda mimba wake, msichana aliyekuwa hajaanza hata shule ya awali. Nikasema sijamwona. Alisimama pale pale. Macho yake yalipita juu ya bega langu yakaenda mpaka kwenye banda, yakarudi usoni kwangu, na sote wawili tukajua alichokuwa anafikiri.

"Banda limefungwa kwa kufuli," nikamwambia. "Twende tukaangalie kisimani."

Aligeuka akakimbia, na nikamsikia analiita jina la mtoto kwenye migomba, kisha mbali zaidi, kisha sauti nyingine zikaungana na yake.

Nilirudi ndani kuwatazama wanangu. Niliwafungia chumbani na kuwaambia wasitoke hata wakisikia nini. Mkubwa aliniuliza kwa nini. Nikamwambia awashike mkono wadogo zake. Baba mkwe alikuwa kwenye kiti chake, anasikiliza zile sauti, na fimbo yake ameilaza mapajani.

"Wanakuja huku," alisema.

Walikuja kwa njia ya migomba, wengi kuliko nilivyotegemea. Vijana walikuwa mbele na mapanga na majembe, wanawake nyuma. Mwenyekiti wa kitongoji alikuwa katikati yao akinyoosha mikono, akisema "taratibu, taratibu," na hakuna aliyemsikiliza. Kijana wa kwanza kufika alipita mbele ya baba mkwe bila kumwamkia. Ni kijana aliyezoea kusimama hata barabarani akasema shikamoo kwa mzee yule. Kile kimya chake kilinitia hofu kuliko panga alilokuwa amelishika.

Walijipanga kwenye wavu wakachungulia ndani. Halafu mtu mmoja akasema, "Tazameni tumbo."

Mtulivu alikuwa amelala kando ya ukuta, na katikati ya mwili wake kulikuwa na uvimbe mkubwa, ngozi imetanuka mpaka magamba yameachana. Mimi nilijua ni nini. Mwanambuzi wetu alikuwa amekufa kwa kuhara, na mume wangu alimpa Mtulivu siku mbili kabla. Nilikuwa nimeona akimvuta yule mwanambuzi miguu kumpeleka bandani. Lakini nilikuwa nimeona mimi tu.

"Ni mwanambuzi," nikasema. "Alimezwa juzi. Mtoto amepotea leo."

"Nani alimwona huyo mwanambuzi?"

"Mimi."

"Wewe ni mwenye nyumba."

"Fungua tumpasue," akasema mwingine. "Tukikuta mbuzi tutaondoka."

Jirani yangu alikuwa amesogea mpaka wavuni. Vidole vyake vilikuwa vimeingia kwenye matundu ya chuma. Hakuwa analia. Alikuwa anautazama ule uvimbe, na midomo yake ilikuwa inatikisika kama mtu anayepima urefu wa kitu kwa macho.

Mwenyekiti alisema tumngoje mwenye nyoka arudi. Kijana mmoja akagonga kufuli kwa jembe. Ilikuwa wazi kwamba wakiingia hawataishia kwa nyoka. Wangeigeukia nyumba na kuichoma, na paa letu upande wa jikoni ni la nyasi.

Baba mkwe aliniita mama kwa Kisukuma chao, kisha akaendelea kwa Kiswahili cha polepole, ili nielewe. "Mayu, ufunguo uko juu ya mlango. Chukua fimbo yangu. Nyoka aliyeshiba akisumbuliwa hutapika, apate wepesi wa kukimbia. Mimi siwezi kusimama."

"Ataniuma, baba?"

"Anaweza. Msumbue mkiani na tumboni. Usisimame mbele ya kichwa."

Niliwaeleza wale watu kwa sauti ambayo sikuitambua. Nikasema nitaingia mimi, chatu atatapika, wataona kwa macho yao. Nikaomba mtu yeyote asiingie nyuma yangu. Kijana aliyekuwa na jembe alilishusha. Nafikiri alitaka kuona kama nitathubutu.

Kufuli lilinishinda mara ya kwanza, ufunguo niliuingiza kinyume. Nilipofungua, harufu ya ndani ilinipiga, harufu ya majani mabichi na kitu kilichooza kidogo. Nilivuka kizingiti nikaurudisha mlango. Mngara alikuwa kwenye chumba chake cha pembeni, nyuma ya wavu mwingine, na nilimshukuru Mungu kwa hilo. Makinda walikuwa kwenye sanduku lao huko nyuma ya banda. Hapa tulikuwa mimi na Mtulivu.

Nilimgusa mkiani kwa ncha ya fimbo. Hakufanya kitu. Nilimgusa tena kwa nguvu zaidi, na ule mwili wote ukasogea kwa pamoja, kama gogo linalovutwa na maji. Kichwa kikainuka. Alinitazama, na nikasikia pumzi yake ikitoka kwa mvumo mrefu. Nilihama upande, kama nilivyoambiwa, nikamsukuma ubavuni chini ya uvimbe. Alirusha kichwa kuelekea fimbo, mdomo wazi, akaikosa, akagonga ukuta. Nje mtu alipiga kelele, na mwingine akamnyamazisha. Nilikuwa nasali kwa Kihangaza, sala ya utotoni, maneno yakikimbia bila mpangilio.

Nilimsukuma tena. Uvimbe ukaanza kusogea.

Sijui nieleze vipi yaliyonipitia wakati huo. Nilikuwa nimemwona mwanambuzi kwa macho yangu. Nilikuwa najua kufuli lilikuwa limefungwa. Lakini ule uvimbe ulipoanza kupanda kuelekea shingoni, polepole, na nyuma yangu wote wakiwa kimya, mimi pia niliacha kujua. Nikawaza, labda mume wangu aliacha mlango wazi asubuhi. Labda mtoto alipita. Nilitazama mdomo wa yule nyoka ukitanuka, taya zikiachana, na nikawa nasubiri kuona mguu wa mtoto. Nilikuwa nimeamini kama wao.

Zilitoka kwato.

Zilikuwa kwato mbili ndogo, nyeusi, zinang'aa kwa ute. Kisha miguu ya nyuma, mkia, manyoya ya kahawia yamelala kama yamepakwa mafuta. Mtulivu alikuwa anarudi nyuma huku anakisukuma kile kitu nje, na harufu ikajaa banda mpaka macho yangu yakatoa machozi. Kichwa cha mwanambuzi kilipoanguka sakafuni, yeye alikimbilia kona ya mbali akajikunja, mwembamba, kichwa chini ya mwili.

"Si yeye," nilimsikia jirani yangu akisema. Aliachia wavu, akakaa chini kwenye udongo. Kisha kama aliyekumbuka kitu, akainuka tena na kuuliza, "Basi yuko wapi?"

Hapo ndipo mwenyekiti alipopata sauti. Aliwagawa watu, hawa bondeni, hawa barabarani, hawa kwenye mashamba ya muhogo. Waliondoka mbio. Wengi waliziba pua, na hakuna aliyeniomba radhi. Nilipotoka bandani nilikaa kando ya kiti cha mkwe wangu. Aliweka mkono kichwani kwangu, kitu ambacho baba mkwe hakifanyi, na akauondoa haraka.

Kutoka nyuma ya banda tulisikia mbao zinavunjika. Sio wote walioondoka. Nilipozunguka nilikuta sanduku la makinda limepasuliwa, na vijana wawili wanatokomea migombani bila kugeuka. Makinda walikuwa wamekatwakatwa kwa jembe juu ya nyasi, wengine bado wanajinyonganyonga. Nilitafuta kama kuna mzima. Chini ya tofali nilikuta wawili, wamejiviringisha pamoja, na kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine, niliwaokota kwa mikono yangu nikawatia kwenye ndoo, nikafunika.

Mtoto alipatikana jua likiwa linaelekea kuzama. Alikuwa amewafuata watoto wakubwa walioenda kuchuma mapera, wakamwacha nyuma, akachoka, akalala kwenye shamba la viazi. Bibi mmoja wa kitongoji cha pili alimkuta analia, akambeba nyumbani kwake, akampa uji, akawa anauliza wapita njia ni mtoto wa nani. Habari ililetwa na mtu wa bodaboda. Nilisikia vigelegele ng'ambo ya migomba, na nikaendelea kumwaga maji sakafuni mwa banda.

Mume wangu alirudi wakati huo huo. Njiani walishamweleza. Alipita moja kwa moja hadi nyuma, akawaona makinda waliokatwa, akachuchumaa. Kisha akaja kunitazama mikono, moja moja, mbele na nyuma, kama anatafuta jeraha.

"Uliingia," alisema.

"Niliingia."

"Mimi ndiye niliyechukua neno la kwenu nikaliharibu."

Sikutaka tuzungumze jina. Nikamwambia kilichokuwa kinaniuma. "Mwanambuzi alipoanza kutoka nilidhani ni mtoto. Niliamini kabisa. Kama angekuwa ni yeye, ningekuwa wa kwanza kuchoma hili banda."

Hakusema nisifikirie hivyo. Aliinamisha kichwa, akachukua ndoo ya maji mkononi mwangu, akamalizia kuosha.

Afisa wanyamapori alikuja na kukawa na mkutano wa kijiji. Alisema wazi mbele ya watu wote kwamba kupiga kelele za jina la kutisha kwenye kipaza sauti ni upumbavu, na kuvamia nyumba ya mtu na mapanga ni kosa kubwa zaidi. Wale makinda wawili aliwachukua, na tuliambiwa wataishi kwenye kituo cha wanyama huko mbali, ambako hawatazaa. Mngara naye alichukuliwa. Mume wangu alipoulizwa mbele ya mkutano wale makinda wanaitwaje, alijibu "chatu," akakaa. Tangu siku hiyo sijalisikia lile jina mdomoni mwake, ingawa watoto wa shule bado wanatishana nalo.

Mtulivu aligoma kula. Wiki zilipita, ngozi yake ikalegea, uti wa mgongo ukajichora. Baba mkwe alikuwa anasogezwa na kiti chake hadi wavuni, anamwimbia kwa sauti ndogo nyimbo za ujana wake. Mvua zilipoanza, alikubali kuku. Mzee alituma mtoto aje kuniambia jikoni, na nilikwenda kutazama, nikiwa nimesimama mlangoni kama zamani.

Jirani yangu hakupita kwetu muda mrefu. Tulipokutana kisimani tulisalimiana, habari za asubuhi, nzuri, basi. Halafu siku moja alikuja pale senta na kitenge chake, akakaa kwenye benchi mpaka wateja wengine walipoondoka. Nikamchukua vipimo. Nilikuwa nyuma yake, na utepe mabegani mwake, alipoanza kusema.

"Siku ile ulipoingia, nilikuombea akuume."

Utepe ulibaki mkononi mwangu.

"Nilitaka uumwe mbele yangu," aliendelea. "Nilisema kama mwanangu amekwenda, na huyu aende. Hata zilipotoka kwato, kwanza niliona uchungu kwamba hukuumwa. Baadaye ndiyo nikakumbuka kufurahi."

"Najua," nikamwambia.

"Hukujua."

"Niliona vidole vyako kwenye wavu."

Barabarani lori lilipita, vumbi likaingia mpaka kibarazani, na sote tukajifunika nyuso tukangoja litue. Nilitaka kumwambia kwamba mle ndani, kwa muda mfupi, mimi pia, kama yeye, nilikuwa nimemzika mtoto wake.

"Mikono iwe mirefu au mifupi?" nikamuuliza.

Akafikiri. "Mirefu," akasema. "Asubuhi siku hizi kuna baridi."

Nikaandika, nikakunja kitenge. Aliposimama kuondoka aliniuliza kama jioni nitakuwa nyumbani, maana alikuwa na majani ya maboga mengi kuliko wanayoweza kula. Nikasema nitakuwepo. Alikuja kweli, ila hakupita njia ya nyuma. Alizunguka na barabara kuu hadi mlango wa mbele, akayaweka kwenye ungo wangu, na akasimama hapo uani kuzungumza, uso wake ukiwa umeelekea nyumba na mgongo wake ukiwa umeelekea banda.